Moshi wa Kumeza

Mompere, yaani padre wa parokia yetu, ana ndevu mpaka tumboni, kobazi za ngozi, na sauti ambayo akiimba "Dominus vobiscum" vioo vya madirisha vinajibu kabla ya waamini. Pia ana sigare. Sisemi sigareti, vile vijiti vyembamba vya makarani. Nasema sigare, ile ya kahawia, nene kama kidole gumba cha fundi mitambo, ambayo ukiiona kwa mbali mdomoni mwa mzungu unadhani anakula muhogo mkavu. Kila mara mazoezi ya kwaya yakiisha, Mompere husimama nje ya mlango wa sakristia, akawasha sigare yake, akafumba macho. Wanaume wa kwaya humtazama wakati huo kwa utulivu ambao mahubiri yake hayajawahi kuupata.

Ni kwa kumtazama hivyo ndipo mwaka jana walipofanya ugunduzi wao.

Shuleni Bafrere, wale mabruda wa misheni, wanatufundisha kwamba sayansi huanza kwa macho: unatazama, unalinganisha, unakata shauri. Baba yangu hakusoma kwa Bafrere, lakini siku moja tukitoka kanisani alinifanyia sayansi yote barabarani, kuanzia uzio wa misheni mpaka mlango wetu wa cité, mtaa wetu sisi watu weusi.

"Angalia Bafrere," aliniambia. "Banavutaka?"

"Apana, Baba."

"Na banaimbaka namna gani?"

"Sawa panya."

"Bamasere je?" Alikuwa na maana masista.

"Sawa mbu."

"Sasa angalia Mompere." Akasimama ili nimwangalie Mompere, ingawa Mompere alikuwa amebaki kanisani. "Ile sauti haikutoka kwa mama yake. Inatoka mule mu sigare."

Mimi mwenyewe wakati ule sikuwa na sauti ya kujibia kitu. Ilikuwa imevunjika tangu Pasaka. Nilikuwa natoka soprano nakwenda nisikokujua, na njiani nilikuwa nalia kama baiskeli isiyotiwa mafuta. Mompere alinitoa mstari wa mbele, akaniweka nyuma kabisa pamoja na wanaume, akaniamuru nichezeshe midomo tu. Hivyo niliyoyaona niliyaona kutoka mahali pazuri, na bila kazi.

Tatizo la Baba lilikuwa hili. Mwezi wa nane Monsenyeri, askofu wetu, alikuwa anakuja kwetu kwa sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, na Mompere alikuwa ametangaza, kwa Kiswahili chake kile cha kitabuni ambacho hakuna mtu hapa mjini anakisema isipokuwa yeye na katekisimu: "Ubeti wa katikati wa wimbo wa Bikira Maria utaimbwa na mtu mmoja peke yake. Sitaki sauti ya kupiga kelele. Nataka sauti yenye uzito. Nitawasikiliza wiki ya sikukuu, kisha nitamchagua mmoja."

Baba ana sauti nzuri, hata adui zake wanakubali. Lakini ni sauti ya juu, safi, nyepesi, ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Uzito ulikuwa kwa Fundi. Fundi ni mshona nguo ambaye cherehani yake iko barazani, nyumba ya kona ya barabara yetu. Tumbo lake linafika kanisani kabla yake, na sauti inatoka humo kama mtu anayesukuma kabati. Tangu wafahamiane, yeye na Baba hawajawahi kusalimiana bila kuchokozana.

"Yambo, filimbi!" Fundi alikuwa akimwita Baba akipita.

"Yambo, kabati!" Baba alikuwa akijibu.

Yote hayo yangekuwa mchezo tu, kama Baba hangekuwa amekwisha kufanya jambo lake. Mama yake, Nkambo wangu, anaishi kaskazini, upande wa Kabalo. Kule kijijini watu wanaorudi kutoka mjini walikuwa wamemweleza kwamba mtoto wake ni boyi wa meza katika klabu ya wazungu, anavaa koti jeupe, anabeba sahani za mboga. Nkambo hakupenda. Baba alimtumia ujumbe kwa mdomo wa mtu wa reli: kwamba sahani ni kazi ya juma, lakini Jumapili yeye ndiye anaimba kanisani, na siku Monsenyeri atakapokuja ataimba peke yake, watu wote wakiwa kimya. Alituma maneno hayo kabla Mompere hajachagua mtu. Jibu lilirudi upesi kuliko lilivyotarajiwa: Nkambo anapanda meli ya mtoni mpaka Bukama, halafu treni. Anakuja kusikia.

Sasa Baba alihitaji uzito, na alijua unapatikana wapi.

Sigare zenyewe hazikuwa shida. Katika klabu wazungu wanavuta nusu, wanakumbuka wake zao, wanaziacha katika kisahani cha majivu. Kazi ya Baba ilikuwa kumwaga majivu. Akaanza kumwaga majivu na kubakiza vipisi, akivileta nyumbani katika kopo la biskuti. Alipofungua lile kopo mara ya kwanza, mama yangu alisimama mlangoni na mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi.

"Baba ya batoto, kintu gani imekufa?"

"Hakuna kintu imekufa. Njo harufu ya maendeleo."

Aliketi kwenye kiti, akavaa tai. Sijui kwa nini tai. Akawasha kipisi kimoja, akavuta, na uso wake ukajikunja wote ukaelekea puani. Nikamuuliza ladha yake ikoje.

"Iko sawa kulamba reli," alisema. Halafu, kwa haki, aliongeza: "Reli ya zamani."

Baadaye nilielewa kwamba kipisi kilichozimika na kulala ndani ya majivu, kikiwashwa tena, kinakurudishia uchungu wote ambao mwenyewe wa kwanza alikataa kuumaliza. Lakini Baba aliona ule ukali ni kosa la mapishi. Na kwa mapishi, alikuwa mtu wa klabu. Ameona wapishi wakifanya mengi.

Kwanza alivipaka vipisi sukari. Sukari iliungua, ikayeyuka, ikadondoka juu ya shati la Jumapili. Iliyobaki, sisimizi walijipanga mstari wakaipeleka kwao. Halafu alivilowesha katika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akisema kitu kitamu kikiingia kitu kikali kitatoka. Vilikataa kuwaka. Vilipokauka na kukubali kuwaka, nyumba ilinuka kama mtungi uliosahauliwa baada ya matanga, na jirani alituma mtoto kuuliza kama tunahitaji msaada. Mwishowe, ili kuvikinga na sisimizi, alifungia kopo ndani ya sanduku lake la nguo, pamoja na koti la harusi na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Kipisi cha kwanza kutoka sanduku lile kilikuwa na ladha ambayo Baba hakuweza kuieleza kwa neno moja. Alitoa moshi, mende wawili wakatoka nyuma ya kabati, wakaondoka.

"Sasa iko afadhali," alisema, machozi yakimtoka. "Inasikilika safi."

Na kiangazi kilikuwa kimeiva. Mwezi wa saba hapa kwetu kila kitu kinakauka: midomo, udongo, hata ukimshika mtu mkono ngozi inalia. Vipisi vilikuwa vimekauka mpaka vinapasuka kama kuni, na moshi wake ulikuwa moto. Mtu mwenye akili angeutoa upesi. Baba aliumeza.

Hapo ndipo ningependa msomaji asimcheke kabla sijaeleza. Kila mwaka mvua zikianza, tunapangwa mstari katika dispansere ya cité, na enfirmie, yaani yule muuguzi mwenye koti jeupe na kijiti, anatupa kinini ya malaria. Ni chungu kuliko matusi. Kwa sababu anatujua, hakubali twende nayo: unaimeza mbele yake, halafu unafungua mdomo, unasema "A", naye anainua ulimi wako kwa kijiti kuona kama hukuificha. Watu wa mji huu wamefundishwa hivyo tangu utoto. Dawa unaijua kwa uchungu wake, na haibaki mdomoni. Sasa mtu huyo ukimpa moshi mchungu wa kutia uzito katika sauti, unafikiri atafanya nini nao?

"Yenye kubakia mu kinywa njo bonbon ya batoto," Baba alinieleza, akikohoa. "Dawa banamezaka."

Nilijaribu kumsaidia kwa masomo yangu. Nilimkumbusha kwamba bomba refu la kiwanda cha shaba linatupatia moshi bure tangu tuzaliwe. Upepo ukigeuka, cité nzima inakohoa, wanawake wanaanua nguo kabla hazijaliwa. Kama kumeza moshi kunaleta besi, ile sauti nzito ya chini, nikasema, basi mji huu ungekuwa wa besi watupu, pamoja na mbuzi.

"Ule iko moshi wa mawe. Huu iko wa majani." Alinitazama kwa huruma. "Bafrere banakufundishaka nini kule?"

Nkambo alifika na mkeka, samaki wa kukaushwa, na kuku hai aliyekuwa amechoka na safari kuliko yeye. Kituo cha treni kilikuwa kimejaa, na wanafunzi wenzangu wawili walikuwapo, kwa sababu wanakuwapo kila mahali ambapo sitaki wawepo. Nkambo aliniona, akafungua mikono, akapaza sauti:

"Bwana yangu! Ona vile umekonda! Ile bibi yako ya mujini hakupikiake?"

Kwetu nyanya na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kiume ni mume wake, naye ni bibi yake, yaani mke, mpaka kaburini. Najua, na wenzangu wanajua, maana nao wana wake zao wa aina hiyo. Haikuwazuia kuniuliza habari za ndoa yangu muhula mzima.

Baba alimpokea kwa kunong'ona.

"Una nini?" Nkambo akamuuliza.

"Ninapumuzisha sauti, Mama. Ya siku ile."

Nkambo aliona ni akili. Tangu saa ile akawa mlinzi wa koo la mwanawe: Baba akifungua mdomo kuomba chumvi, Nkambo alimnyamazisha na kuileta mwenyewe. Kukohoa kwake hakukumtisha, kwa kuwa yeye ni mvutaji. Lakini Nkambo anavuta kama wanawake wa umri wake wanavyovuta kule kwao: anasokota tumbaku yake nyembamba kama bua, anaiwasha, halafu anaigeuza, moto unaingia mdomoni na upande wa baridi unabaki nje. Anafunga midomo, anaendelea kumenya karanga. Hakohoi. Moshi kidogo tu unamtoka puani, kama nyumba ambamo watu wanapika.

Alimtazama Baba akipigana na kipisi chake uani siku kadhaa, mwishowe alishindwa kuvumilia.

"Unakosea mupande," alisema.

"Namna gani, Mama?"

"Moto iko inje, baridi iko ndani. Njo maana inakukwaruza. Tia moto ndani. Moto itakula ule ukali mbele haujafika mu koo."

Nilimwona Baba akifikiri. Upande mmoja kulikuwa na klabu nzima ya wazungu, wote wanaweka moto nje. Upande wa pili kulikuwa na mama yake, na mama yake hakohoi. Tatizo ni kwamba tumbaku ya Nkambo ni bua, na sigare ni gogo. Baba alifungua mdomo kama anapokea Ekaristi kwa askofu mwenyewe, akaingiza gogo upande wa moto, akafunga.

Ile sauti aliyoitoa, kwa kweli, ilikuwa na uzito. Hajawahi kutoa nyingine kama ile. Kuku wa Nkambo aliruka uzio, tukamtafuta mpaka jioni.

"Umetia yote," Nkambo alisema, hakushtuka. "Banatiaka kidogo."

Ulimi wa Baba ulivimba. Nilimhurumia, na kwa kuwa mimi nikihurumia mtu lazima nifanye jambo la kijinga, nilikwenda kwa Mompere baada ya mazoezi, akiwa mlangoni pa sakristia na sigare yake, nikamuuliza waziwazi kama ndiyo inampa sauti.

Alicheka mpaka ndevu zikatingishika. "Mwanangu, nilipokuwa kijana huko kwetu niliimba sauti ya juu, ya juu sana. Walimu wangu walisema ni sauti ya malaika. Halafu nikaanza tumbaku." Akaitazama sigare yake kama mtu anavyomtazama ndugu mlevi. "Sasa unasikia mwenyewe kilichobaki."

"Na moshi, Mompere? Unaumeza?"

"Unanichukulia kuwa mwenda wazimu? Moshi wa sigare haumezwi. Unauweka mdomoni, unauonja, unauacha uende. Na huvuti upesi upesi kama gari la moshi, la sivyo unakuwa mkali. Anayeumeza ataharibu koo lake." Halafu aliniangalia vizuri. "Kwa nini unaniuliza? Wewe unavuta?"

"Apana, Mompere. Sauti yangu imeharibika bure."

Nilikimbia nyumbani. Nilikuwa nimebeba habari ya kumwokoa Baba, na niliitoa yote kwa pumzi moja: kwamba Mompere alikuwa na sauti nyepesi kama yake, kwamba tumbaku iliiharibu, kwamba moshi haumezwi. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha macho yake yakawaka.

"Alikuwa na sauti ya juu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Sawa yangu?"

"Ndiyo, Baba, lakini alisema usimeze!"

"Na sigare ikaishusha." Akasimama, akaenda kwenye sanduku. "Kumbe inatumika kweli. Ile ya kutomeza anakudanganya. Muntu hawezi kutoa siri yake yote kwa mutoto."

Akaongeza kipimo.

Siku ya kuchaguliwa ilipokaribia, Baba hakuwa tena anapumzisha sauti. Hakukuwa na kitu cha kupumzisha. Akijaribu kusema, kilichotoka ni sauti ya mtu anayefagia saruji. Mama yangu alimpa tangawizi, alimpa asali, alimpa maji moto na chumvi, na pamoja na kila kimoja alimpa maoni yake. Hatimaye Baba alijifunika kofia, akaenda dispansere kwa njia ya nyuma. Enfirmie hakuuliza mengi. Kwa koo linalouma ana dawa moja tu: anafunga pamba kwenye kijiti, anaichovya ndani ya chupa ya dawa ya buluu, anakupaka koo mpaka ndani kabisa. Inatuliza kidogo. Inabaki siku nyingi. Baba alirudi nyumbani na ulimi, ufizi na koo vyote vya rangi ya suruali ya mfanyakazi wa reli, na tangu hapo alikula bukari ameelekea ukutani, Nkambo asione buluu.

Nilimwambia labda asiende kujaribiwa. Alinijibu kwa mkono, akionyesha chumba ambamo Nkambo alikuwa anajaribu kitambaa chake kipya cha sikukuu.

Siku yenyewe, kanisani, tulikuta wanaume wote wamefika mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea. Walikuwa wametulia. Fundi hakumwita Baba filimbi, Baba hakumwita Fundi kabati. Waliinamishiana vichwa kama mabalozi. Nilidhani ni heshima ya sikukuu. Mompere aliingia, akasimama mbele yetu, jua la alasiri likitupiga usoni kupitia dirisha, akainua mikono.

"Tupashe sauti moto. Fungueni midomo kabisa. Aaa!"

Nilikuwa nyuma, sikuona vinywa. Niliona uso wa Mompere. Mikono yake ilibaki juu. Macho yake yalitembea kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, halafu yakarudi kutoka kushoto kwenda kulia. Nikachungulia pembeni. Fundi: buluu. Katekista wetu wa besi: buluu. Seremala: buluu mpaka kwenye meno. Karani wa posta, mtu wa kuvaa miwani, mwenye carte, kile cheti cha mtu aliyestaarabika, na baiskeli: buluu. Safu nzima ya wanaume wa parokia walikuwa wamefungua vinywa vyao kama maua ya buluu, na kutoka ndani yao hapakutoka "A". Ulitoka upepo.

Ndipo nilipoelewa kwa nini Baba alikuwa akilalamika kwamba vipisi vya klabu vimekuwa adimu, na kwamba boyi mwenzake mmoja, mpwa wa Fundi, ameanza kumwaga majivu kwa bidii: bila shaka alikuwa akimuuzia kila mmoja kwa siri.

Mompere alifanya ishara ya msalaba. "Wanangu, ni ugonjwa gani huu?"

Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyeweza. Mtu pekee mwenye ulimi mwekundu mle ndani nilikuwa mimi, na nakiri kwamba sikuombwa mara mbili.

"Ni sigare, Mompere," nilisema. "Wanatafuta uzito."

Aliweka mkono juu ya mfuko wake wa kanzu, mahali sigare zake zinapolala.

"Mmeumeza moshi?"

Vichwa vikakubali, mstari mzima.

"Wote?"

Fundi alijitahidi. Alisema kitu, nikakisikia kwa sababu nilikuwa nyuma yake: "Kila muntu alifikiri iko yeye peke."

Mompere alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono, na mabega yake yakatingishika muda mrefu. Sijui hata leo kama alikuwa analia. Alipoinuka alisema tu kwamba siku ya sikukuu wanaume watasimama, watafungua midomo kwa adabu, na ubeti ule atauimba yeye mwenyewe, maana misa ataiongoza Monsenyeri.

Baba hakumwambia Nkambo. Alijaribu. Asubuhi ya sikukuu alikaa mbele yake na kufungua mdomo, lakini Nkambo aliweka kidole juu ya midomo ya mwanawe, akasema, "Iache. Utaitoa kule," akafunga kitambaa chake, akatangulia.

Katika kanisa letu waimbaji wanakaa juu, kwenye jukwaa lililo juu ya mlango, nyuma ya watu wote. Kugeuza kichwa wakati wa misa ni dhambi, na upande wa wanawake kuna mama mmoja wa chama cha parokia mwenye kazi ya kuwakumbusha kwa kidole. Nkambo alikuwa mbele kabisa. Kutoka juu niliona mgongo wake, umenyooka. Baba alisimama kando yangu na tai yake. Ubeti ulipofika, kinanda kikanyamaza, watu wakanyamaza, hata watoto, na nyuma yetu Mompere akavuta pumzi.

Sijui Kilatini cha kutosha kueleza. Ilikuwa sauti iliyoharibika, yeye mwenyewe aliniambia, na niliisikia ikitembea chini ya mbao tulizosimama juu yake. Baba alikuwa amefungua mdomo wake wa buluu kama alivyoagizwa. Chini, mbele, mgongo wa Nkambo ulianza kutikisika.

Tulipotoka alikuwa anasubiri uani pa kanisa, uso wote umelowa, na alikuwa amekwisha kuwaeleza wanawake wa vyama vyote viwili vya parokia.

"Yee mutoto wangu! Zamani alikuwa anaimba sawa kandege. Sasa iko sauti ya baba yake! Baba yake akiita mu ng'ambo ya muto, viboko banatoka!"

Baba alinitazama. Niliangalia viatu vyangu.

Mchana nyumba yetu ilijaa. Munkoyo ulikuwapo, kuku wa Nkambo, aliyekamatwa mwishowe, alikuwa ndani ya sufuria, na Nkambo alikuwa ameketi kwenye kiti cha Baba akipokea pongezi kama mama wa mfalme. Kila aliyeingia alisimuliwa upya. Watu wa cité walikuwa na adabu au walikuwa hawajui. Wengi hawakujua nani aliimba, maana hawakugeuka. Waliojua walikuwa wale wenye ndimi za buluu, na hao hawakuwa na haraka ya kufungua midomo.

Halafu mlango ukafunguka na tumbo la Fundi likaingia.

Baba aliweka chini sahani aliyokuwa ameishika. Nilijua anachowaza, maana ningekuwa mimi Fundi ningekuwa nimeandaa maneno tangu kanisani. Miaka yote ile ya filimbi na kabati, na leo filimbi iko mbele ya mama yake, haina sauti ya kujitetea, imevaa sifa ya mtu mwingine.

"Weye njo unaimbaka naye?" Nkambo akamuuliza, akimpa mkono.

Fundi akakubali kwa kichwa.

"Sema kweli. Mi niko muzee, masikio yangu imechoka. Ile nilisikia, njo mutoto wangu?"

Fundi alimtazama Baba, kutoka kiatu mpaka tai, bila haraka, kama anampima koti. Kisha akainama karibu na sikio la Nkambo, na kwa kile kilichobaki cha sauti yake akasema:

"Njo yeye, Mama. Siye bengine tulifungua kinywa tu."

Nkambo alipiga makofi. Kisha akanigeukia. "Na weye, bwana yangu? Ulikuwa kule juu."

Nilikuwa na mzaha tayari, mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao. Ulikuwa umekaa kwenye ulimi, umevaa, umechana nywele. Nilifungua mdomo na sauti yangu ikavunjika vipande viwili, kimoja juu, kimoja chini: "Njo yeye, bibi yangu."

"Sikia!" Nkambo akawaambia wageni. "Na huyu yake inaanza kushuka!"

Mama yangu alileta chakula. Juu ya sahani ya Baba alikuwa ameweka firigisi, kama inavyopaswa, maana firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba na hata mimi sijawahi kuionja. Baba aliichukua kwa vidole viwili, akanyoosha mkono mbele ya watu wote, akaiweka katika sahani ya Fundi. Fundi aliitazama. Halafu akasogea kwenye benchi, akampa Baba nafasi, na wote wawili wakala wameelekea ukutani.